Miche Kumi na Miwili na Jua la Murdo

Murdo Geddes aliujua mnazi kuliko mnazi unavyojijua! Hayo si maneno yangu. Ni yake mwenyewe, aliyatamka kwenye kaunta ya klabu ya raga pale Waitoru, kijiji chetu cha kusini kabisa mwa dunia, huku akipiga ngumi hadi bia ya jirani ikamwagika. Hakuna aliyembishia, maana kumbishia Murdo ni kujitafutia hotuba ya pili.

Elimu hiyo aliipata wapi? Si shuleni. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne, akaenda kunyoa kondoo manyoya. Aliipata Gold Coast, kule Australia, kwenye likizo ya siku tisa. Siku tisa! Na katika hizo tisa, mbili alishinda chooni kwa sababu ya kamba aliowala, na moja ikaishia uwanja wa ndege. Sita zilizobaki alilala chali kando ya bwawa la kuogelea, chini ya mnazi mmoja.

Akarudi na shati. Lilikuwa la rangi ya chungwa, limechorwa minazi ishirini na saba. Elspeth, mkewe, ndiye aliyeihesabu siku moja akiwa anapiga pasi kwa hasira. Murdo alilivaa shati hilo dukani, alilivaa kwenye mnada wa kondoo, na katikati ya Julai, ambao kwetu ni mwezi wa baridi kali, Southland yote ikitetemeka na mabomba ya maji yameganda, alilivaa juu ya sweta mbili.

"Watu wa huku hamjui jua," alikuwa akisema. "Mimi nimekaa na minazi, bwana. Tumezungumza."

Sasa, kumsema Murdo ni rahisi, lakini moyo alikuwa nao. Miaka thelathini na mmoja alinyoa kondoo bega kwa bega na Hohepa, jirani yake, mtu wa Pwani ya Magharibi ya kisiwa chetu, aliyemfuata mke hadi huku kwenye baridi na asirudi tena. Hohepa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kuukumbuka mnikau. Mnikau ni jamaa wa mnazi, ila wenyewe huivumilia baridi, na kwao Hohepa umejaa misituni hadi karibu na mawimbi. Basi alipokwenda kwao kuzika mama yake, alirudi na mfuko wa mbegu nyekundu, akazipanda kwenye makopo ya plastiki ya aiskrimu. Zikaota kumi na mbili. Akazilea miaka mitano, kisha akafa yeye.

Mjane wake, Ngaire, akaendelea kuilea miche ile mwaka mzima. Mnikau hauna haraka. Miaka sita, na mche mrefu kuliko yote ulikuwa haujampita mtu goti.

Wiki moja kabla ya Krismasi Ngaire alimwita Murdo penye ukuta wa miti uliotenganisha nyua zao. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye macho ambayo hayakuwa mapole hata kidogo.

"Shemeji," akasema, "mwanangu anajifungua Brisbane. Nakwenda, narudi mwisho wa Februari. Jumamosi ya mwisho tunafunua jiwe la kaburi la Hohepa. Ndugu zake wote wanakuja kutoka Pwani. Miche hii kumi na miwili nataka kuipanda siku hiyo, sita huku na sita kule, ili alale kama yuko kwao."

"Imekwisha, shemeji! Niachie mimi."

"Sijamaliza. Iko hapo chini ya mti, kando ya tangi. Hapo hapo aliiweka mwenyewe. Umwagilie mara mbili kwa wiki. Usiihamishe."

"Shemeji, waniona mtoto? Unajua unaongea na nani kuhusu minazi?"

"Najua," Ngaire akasema. "Ndiyo maana narudia. Usiihamishe."

Murdo akaweka mkono kifuani, juu ya mnazi wa tisa na wa kumi, akaapa. Na aliapa kwa dhati, maana Hohepa akiwa hospitali alimshika mkono huo huo akamwambia, "Nitunzie watoto wangu wa kwenye makopo." Murdo alilia siku ile ndani ya gari mpaka Elspeth akalazimika kuendesha yeye.

Kiapo kilidumu siku tatu.

Siku ya nne alikwenda na ndoo yake ya maji, akachuchumaa chini ya mti, akaitazama miche ile kwa jicho la mtaalamu. Ilikuwa kimya. Ilikuwa ya kijani kizito, imejiinamia kivulini, na mwanga ulikuwa ukiiangukia madoadoa tu kupitia majani ya juu. Murdo akasikitika kabisa.

"Masikini!" akasema. "Wamefungwa jela."

Akaenda kumwita Elspeth aje aone unyama.

"Unyama gani?" akauliza Elspeth, mikono imejaa unga.

"Mnazi ni mtoto wa jua, mke wangu. Ngaire hajui. Hohepa naye, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kunyoa, si wa mimea. Kule Gold Coast minazi inasimama juani kuanzia asubuhi mpaka jioni, imenona hiyo!"

"Minazi mikubwa."

"Mikubwa ilianza midogo."

"Na wewe kule ulikuwa unalala wapi, Murdo? Si kivulini kwa huo mnazi? Basi mdogo aliye chini yake naye yuko wapi?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Mtu mwingine angekaa chini akalifikiria. Murdo alikwenda kutafuta toroli.

Mchana ule alihamisha miche yote kumi na miwili. Hakuiweka popote tu, la hasha, alitafuta mahali pa kifalme. Uani kwake palikuwa na banda la mabati linalotazama kaskazini, na kila mtu Southland ajua kwamba jua letu hukaa kaskazini. Ukitaka kukausha soksi au kuivisha nyanya, uzipeleke upande huo. Akaipanga miche mbele ya mabati kama wanajeshi wa gwaride. Bado hakuridhika. Akachukua mabati mengine mawili ya zamani, akayasimamisha pembeni ili yarudishe mwanga, mche usikose jua hata mgongoni.

Ikabaki miche mitatu midogo, iliyopinda kidogo, majani mawili mawili. Nafasi mbele ya banda ilikuwa imejaa. Murdo akaitazama, akatikisa kichwa.

"Hii haina malengo maishani," akasema.

Akaisukuma nyuma ya banda, upande wa kusini ambako jua halifiki, pembeni ya kibanda cha Floss. Floss alikuwa mbwa wake mzee wa kuchunga kondoo, aliyestaafu mwaka mmoja na bwana wake na kwa sababu ile ile, magoti. Floss akainusa miche, akazunguka mara tatu, akalala kando yake.

Jua la Southland ni la kinafiki. Hewa inakuwa baridi, upepo unakutoa kamasi, nawe unajiambia leo hakuna jua. Kumbe liko pale pale linakukaanga taratibu. Watoto wetu hawaruhusiwi kutoka darasani bila kofia. Watu wazima tunajipaka mafuta puani hata mawingu yakiwepo. Murdo hakuhitaji mambo hayo. Siku ya pili ya mwaka mpya alichukua kiti, akakaa katikati ya miche yake, kifua wazi, kipara wazi, ili, kwa maneno yake, kuwapa moyo.

Akapitiwa na usingizi saa tano. Akaamka saa tisa.

Elspeth, akiwa jikoni, alisikia ukelele akadhani kondoo kaanguka kisimani. Alipotoka alikuta mumewe amesimama, mikono kaitanua mbali na mwili, mwekundu kuanzia kiunoni hadi utosini kama kaa aliyechemshwa.

"Usiniguse! Usinipulizie hata pumzi!"

"Kofia ilikuwa wapi, Murdo?"

"Niliwaonyesha mfano!"

"Wamejifunza," akasema Elspeth, na akaitazama miche. Ncha za majani zilikuwa zimeanza kupauka, na katikati palitokea mabaka meupe, yale yale yaliyokuwa yanatokea juu ya kipara cha Murdo. "Hao wanakwenda na wewe hatua kwa hatua."

"Hiyo ni rangi ya utoto inatoka," Murdo akasema. "Gold Coast niliona."

Hakuona. Gold Coast hakuona kitu isipokuwa bwawa na kamba.

Januari ikaenda. Kipara cha Murdo kikabambuka, kikapona, kikabambuka tena. Miche haikupona. Weupe ukawa manjano, manjano ikawa kahawia, na kahawia hiyo ukiipapasa ilikuwa inalia kama karatasi ya kufungia samaki. Murdo akaongeza maji. Akaongeza mbolea. Siku moja, na aibu yake hii aliificha kwa muda mrefu, akaongeza bati la tatu.

Wiki ya pili ya Februari alitoka asubuhi na kikombe cha chai, akashika jani moja kulisalimia. Likavunjika, likabaki mkononi.

Alisimama pale mpaka chai ikapoa. Hakuwa akiona miche. Alikuwa akiona kitanda cha hospitali, na mkono wa Hohepa, na makopo ya aiskrimu yamepangwa dirishani. Aliogopa. Aliona aibu.

"Mpigie simu Ngaire," Elspeth akasema nyuma yake. Sasa hakuwa akicheka. "Mpigie leo. Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nimewachoma watoto wa Hohepa?"

"Hivyo hivyo. Maneno manne. Hata dakika haiishi."

"Siwezi, Ellie."

"Basi utafanya nini?"

Na hapo, jamani, ndipo mtu mwenye akili huanguka kisha mpumbavu aliye ndani yake anashika usukani. Murdo akaingia bandani. Humo, juu ya rafu, kati ya mikasi ya kunyolea na makopo ya misumari, palikuwa na makopo ya rangi ya kupulizia, ile ya kutia kondoo alama. Nyekundu, buluu na kijani. La kijani lilikuwa limejaa.

Usiku huo tunaruka. Inatosha kusema kwamba asubuhi yake miche tisa mbele ya banda ilikuwa ya kijani ambacho Mungu mwenyewe hajawahi kukitumia.

Elspeth akatoka na kapu la nguo. Akasimama. Akaweka kapu chini.

"Murdo. Hiyo ni rangi ya kondoo."

"Imekubali, eh?"

"Hiyo imetengenezwa itoke kwenye sufu ikioshwa. Mvua ikinyesha?"

"Haitanyesha," Murdo akasema.

Sasa mtu anayesema haitanyesha Southland ni sawa na anayesema mama mkwe wake hatapiga simu. Elspeth akachukua kapu lake akaondoka bila neno, na mke akinyamaza namna ile, mwenye nyumba anajua bei yake italipwa baadaye.

Ngaire alirudi Alhamisi jioni. Murdo alikuwa amewahi. Miche tisa ilikuwa imerudi chini ya mti wake, kando ya tangi, mahali penye giza zaidi. Ngaire akaja moja kwa moja kutoka kwenye gari, hata mkoba hajautua. Murdo akajisimamisha kati yake na miche.

"Shemeji! Mjukuu vipi?"

"Mzima. Kilo nne. Sogea."

Murdo akasogea kidogo. Ngaire akainama, akaitazama miche, akaitazama tena. Pua yake ikacheza. Murdo akajikohoza kwa nguvu, sijui alidhani kikohozi kinaondoa harufu.

"Naiona tisa."

"Mitatu ilikuwa dhaifu, shemeji. Ndo hivyo. Niliitenga, isiambukize."

"Aa." Ngaire akaunyoosha mgongo. "Hii tisa imependeza kweli. Kijani hiki sijakiona tangu Hohepa alipokuwa anachambua kondoo."

"Ni matunzo tu," Murdo akasema, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Basi Jumamosi utaibeba wewe. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Na utasema maneno mawili mbele ya ndugu zake, jinsi ulivyoilea. Wanapenda kusikia."

Alimpiga bega kwa upole, akaingia ndani. Murdo hakulala hadi Jumamosi.

Jumamosi mawingu yalikuwa chini, lakini mvua haikuwepo. Murdo alikuwa akitazama juu kila dakika mbili kama anayengoja ndege. Amevaa shati jeupe na tai, mche mmoja kwapa la kulia, mmoja la kushoto. Mingine saba ameshaipanga kandokando ya njia ya makaburini. Ndugu wa Pwani walikuwa wamejaa, na mbele yao kwenye kiti ameketi shangazi wa marehemu, Mereana, miaka themanini na minne, aliyesafiri siku nzima garini na bado alikuwa na nguvu za kumkaripia dereva.

Jiwe lilikuwa limefunikwa kwa joho la manyoya. Wakaomba, wakaimba. Joho likainuliwa, jina la Hohepa likatokea, na kilio kikapanda. Murdo naye akalia. Alilia kwa kweli, bila tambo, machozi yakimwingia kolani, maana rafiki yake alikuwa pale chini na yeye alikuwa amesimama juu yake na uongo kwapani.

Ndipo tone la kwanza likaanguka.

Likaangukia kipara. Murdo akafumba macho. La pili, la tatu, kisha ile mvua yetu nyembamba ya Southland, isiyo na kelele, isiyo na haraka, inayolowesha mpaka mifupa. Watu hawakutawanyika, mvua kaburini ni baraka. Ngaire akageuka, uso mtulivu kabisa.

"Murdo, shemeji yetu, atasema maneno mawili kuhusu miche."

Murdo akafungua kinywa. Akahisi kitu cha baridi kinamteremkia mbavuni. Shati jeupe lilikuwa limeanza kuwa kijani kuanzia kwapa, likishuka.

"Ndugu zangu," akasema, "mnazi... yaani mnikau..."

"Mwanangu," akasema bibi Mereana kutoka kitini, kwa sauti kavu, "mmea wako unavuja."

Watu wote wakageuka. Hata mtoto aliyekuwa akilia akaacha, ili aone kinachoendelea. Kijani kilikuwa kikitiririka kwenye makopo, kikitiririka njiani, kimefika kwenye viatu vya mjomba mmoja wa Pwani ambaye alikuwa ametoka kuving'arisha. Chini ya rangi majani yalikuwa yakijitokeza, kahawia, yamekauka. Murdo akaweka miche chini. Akajipangusa jasho kipara, mvua na aibu pamoja, kwa kiganja chote. Ikabaki alama ya vidole vitano vya kijani, kuanzia paji la uso mpaka kisogoni.

"Nimeichoma," akasema. Sasa sauti ilikuwa yake. "Ngaire alinikataza nikaihamisha. Niliitoa kivulini nikaiweka juani nikaizungushia mabati. Kisha nikaipaka rangi ya kondoo. Hohepa aliniachia, na mimi nimeichoma. Sijui minazi. Sijawahi kujua minazi. Nilikaa siku tisa, na mbili nilikuwa chooni."

Pale nyuma mtu mmoja akatoa kicheko cha puani, akaficha uso kwenye skafu.

Ngaire akamsogelea, akamtazama kichwani kwa muda.

"Murdo. Mwaka kwa mwaka ulikuwa zizini na mume wangu. Alikuwa anawatia kijani kichwani kondoo gani?"

Murdo akajishika kipara. "Wa kwenda machinjioni."

"Basi umejichagua mwenyewe, sina la kuongeza!"

Hapo watu wa Pwani hawakuweza kujizuia tena. Walicheka hadi wakashikana, na waliokuwa wakilia wakaendelea kulia wakicheka. Bibi Mereana alimgongea Murdo fimbo mguuni, si kwa nguvu sana.

"Mtoto wa mnikau huzaliwa msituni, chini ya mama yake," akamwambia. "Miaka yake ya kwanza hapendi jua la uso kwa uso. Vipande vipande tu, vinavyopenya majani. Akishapata shina na kimo, ndiyo anatoka mwenyewe kulisalimia. Wewe ulimtoa mtoto wa kunyonya ukampa nyama ya kuchoma."

"Ndiyo, bibi."

"Na hiki kichwa chako pia kinahitaji kivuli."

Wakatoka. Kwa desturi, anayetoka makaburini hunawa mikono langoni, ili ya wafu yabaki kwa wafu. Palikuwa na bakuli kubwa la maji. Wote wakanawa wakapita. Murdo alinawa mwisho, maana hakuna aliyetaka kunawa baada yake, na maji yakawa kijani. Yakamwagwa, yakaletwa mengine, nayo yakawa kijani. Alikuwa bado anasugua pale watu walipofika ukumbini kwenye chai.

Elspeth akamfuata akiwa na Ngaire. Walikuwa wamebeba kitu kati yao, kimefunikwa kwa gunia. Ngaire akalitoa gunia.

Ilikuwa mitatu. Ile mifupi, iliyopinda, isiyo na malengo maishani. Kila mmoja ulikuwa umefungua jani jipya, pana, la kijani kizito cha kweli, na mwingine ulikuwa na la pili likichungulia.

"Elspeth alinionyesha Alhamisi ile ile," akasema Ngaire. "Nyuma ya banda, kwa Floss. Ndiyo maana sikukuua."

Murdo aliitazama, akakaa chini kwenye nyasi zenye maji. "Imepona," akawa akisema. "Ellie, imepona." Ngaire naye akajifuta macho kwa ncha ya skafu, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

"Hii mitatu tunaipanda leo. Ile tisa naikata majani, narudisha kivulini, nione kama ina moyo. Lakini hapa makaburini hakuna mti, Murdo, na wavu wangu wa kivuli hautoshi. Nenda kaniletee lile shati."

"Lipi?"

"Unalijua."

Mpaka leo ukipita makaburi ya Waitoru utaliona. Limewambwa juu ya vijiti vinne, minazi ishirini na saba imepauka, na jua linapenya humo madoadoa, kiasi tu. Mmojawapo wa miche ile mitatu umeshampita mtu goti. Kati ya ile tisa, minne ilichomoza jani jipya katikati, na siku ya kwanza Murdo alipoliona alikwenda kumwambia Hohepa kabla hajamwambia mkewe. Kila Jumanne na Ijumaa huenda na ndoo yake, na kofia.

Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka mjini, mume na mke wenye bustani kubwa, wameambiwa kwamba Waitoru yupo mzee anayeotesha minikau kwenye baridi. Wakamkuta pale pale, Ngaire naye yupo, anang'oa magugu kando ya jiwe.

"Mzee, samahani," akauliza yule mume, daftari mkononi. "Mche wa mnikau unahitaji jua kiasi gani?"

Murdo akajinyoosha. Akavuta pumzi. Kifua kikatanuka, kidole kikapanda juu, na Ngaire akaacha magugu akamtazama.

Kidole kikashuka.

"Muulizeni Floss," akasema.

"Floss? Ni mtaalamu wa wapi huyo?"

"Ni mbwa wangu," akasema Murdo, akaivuta kofia yake chini, akaendelea kumwagilia.